Nambari Kumi na Saba

Jumamosi, saa moja na nusu, umande haujakauka,
lango la msitu wa Bamburi laguna nikilisukuma.
Hapa babangu alivunja mawe miaka kumi na miwili,
akirudi nyumbani kope nyeupe, masikio meupe,
na leo pale alipoacha shimo
mivinje imesimama, inanong'ona kama watu wanaosengenya.

Mimi natafuta kilichotafunwa.
Ndiyo njia yenyewe: usimtafute kiwavi,
tafuta jani lenye pengo,
kisha tazama chini yake, kuna vijitone vyeusi,
mfano wa pilipili manga iliyopondwa,
kisha inua jani kwa ncha ya kidole, taratibu,
kama umfunuaye mtoto shuka kutazama kama kweli amelala.

Yumo.

Simu yangu ina ufa toka pembe hadi pembe.
Nazuia pumzi. Upepo nao hauna adabu,
hungoja nikaribie ndipo utikise tawi.
Picha ya kwanza: kidole changu.
Ya pili: ukungu wa kijani.
Ya tatu: kichwa, taya, unywele mmoja uliosimama,
wazi kabisa, hata nikasema Subhana.
Kisha simu ikasema nafasi imekwisha.
Nikafuta keki ya harusi yangu, ile ya ghorofa tatu
(ndoa yenyewe haikupanda hata ya pili),
nikaendelea.

"Huyu nani?" auliza Zamzam, mtoto wa dada yangu,
miaka tisa, daftari kifuani.
Kitabu tulichoazima kina mabawa tu,
kurasa mia mbili za waliokwisha kufaulu,
hakuna hata ukurasa mmoja wa wanaotambaa.
Na lugha yetu hii, tajiri wa umri wa nazi,
kidaka, kitale, dafu, koroma,
hawa wote imewapa neno moja, kiwavi,
na onyo juu yake: usiguse, atakuwasha.

Nyamawi, afagiaye njia za msitu, akaegemeza ufagio.
"Msitazame sura. Sura hubadili kila akivua ngozi.
Muulizeni anakula nini."

Daftari likaanza upya.
Wa mdimu: hujifanya mavi ya ndege,
ukimgusa hutoa pembe mbili nyekundu na harufu ya hasira.
Wa mbarika: miiba tupu, kajiandaa kwa vita visivyokuja.
Wa mkwaju: hupima kitawi kwa shubiri, mbele, nyuma, mbele tena,
fundi asiye na nguo ya kushona.

Kumi na saba hakujulikana.
Kijani, doa la manjano ubavuni,
juu ya kichaka ambacho hata Nyamawi alikikunia kichwa.
Tukamchukua nyumbani, Kisauni, ndani ya chupa ya achari,
kipande cha kanga mdomoni mwa chupa,
majani mabichi kila alfajiri, nauli yake nalipa mimi.
Zamzam hakuweza kungoja.
Akamchorea mabawa kabla ya wakati, ya buluu,
yakajaza ukurasa mzima.

Siku ya sita akaacha kula.
Siku ya nane ngozi ikatoboka huku na huku,
vikatoka vijifuko vyeupe mfano wa punje za mchele,
kumi na vinne,
na baada ya juma, vijinyigu vyembamba
vikagonga kioo, vikitaka kutoka.

Nilitafuta la kumwambia mtoto.
Nilikuwa na moja kuhusu subira, nikalimeza.
Yeye alikuwa anahesabu, midomo ikicheza.
Alifungua kanga mwenyewe, dirishani,
akaviacha viende,
kisha akaketi sakafuni na daftari, akaandika:
*Kumi na saba. Alikuwa nyumba.*

Mabawa ya buluu hakuyafuta.
Alichora mshale mdogo kando yake,
na alama ya kuuliza.
Halafu akaniuliza Jumamosi ni lini.